Skana ya redio: ipi ununue ukiwa Lubumbashi

Skana ni redio inayosaka masafa ili usikie watu wanaoongea kwa redio, kama marubani. Kabla hujatoa dola zako, jiulize kwanza: hapa Lubumbashi utasikiliza nini? Mimi nasikiliza marubani wakiongea na mnara wa Luano, uwanja wetu wa ndege, na usiku nafuata mawimbi mafupi. Ndiyo maana orodha yangu haifanani na zile za Marekani, ambako watu hulipa pesa nyingi kwa skana za dijitali za mitambo ya mawasiliano ya kwao. Hapa huna kazi nazo.

Ya kwanza kwangu ni XHDATA D-808, ingawa wajuzi watasema si skana kamili. Inashika FM, mawimbi mafupi na masafa ya ndege, yaani 118 hadi 137 MHz. Betri yake ni moja tu, aina ya 18650, ileile iliyo ndani ya tochi nyingi za kuchaji. Kuranti ikikatika siku mbili, unaazima ya tochi. Ubaya wake ni kwamba inasaka polepole. Rubani anasema maneno sita na kunyamaza, wewe bado uko njiani. Iweke kwenye masafa moja, uiache hapo.

Ya pili ni Uniden BC125AT, na hii ndiyo skana hasa. Ina nafasi 500 za kuhifadhi masafa, zimegawanywa makundi 10, na inatumia betri mbili za AA. Ila inaanzia 25 MHz, kwa hiyo mawimbi mafupi uyasahau karibu yote. Kitufe cha hali ya hewa usihangaike nacho, ni cha vituo vya Amerika Kaskazini.

Kwenye skana yoyote, anza na kidhibiti cha kelele, kile cha SQ. Kifungue kabisa mpaka usikie shhhh, kisha kipandishe kidogo kidogo. Kelele ikikatika ghafla, ishia hapo hapo. Siku yangu ya kwanza nilikipandisha mpaka mwisho nipate utulivu. Nikakaa saa nzima nikidhani anga ni tupu, kumbe ndege inapita juu ya bati langu. Ukishaweza hicho, mengine ni mepesi: SCAN inapita kwenye masafa uliyohifadhi, HOLD inaisimamisha, na L/O inaruka masafa inayokusumbua kwa mlio usioisha.

Ya tatu ni kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta, kiigeuze kuwa redio ya kupokea. Ni rahisi kwa bei na kinaonyesha masafa kwa macho, lakini bila kompyuta ni kipande cha plastiki.

Ya mwisho ni Baofeng UV-5R, ambayo wauzaji watakusukumia kwa sababu ni bei ya chini. Ndege haishiki: marubani wanatumia mfumo wa AM, nayo ni ya mfumo wa FM. Tena inarusha sauti yako hewani, na kurusha bila kibali ni kujitafutia kesi. Nyumbani kwenye watoto siiweki.

Chochote utakachonunua, kisikilizie kwako, usitembee nacho karibu na uwanja wa ndege wala kambi ya jeshi.

Na mbele ya muuzaji, vuta antena ya D-808 pingili kwa pingili uone kama hailegei. Kwa ndege usiivute yote: sentimita 60 hivi, robo ya wimbi la 125 MHz, zinatosha.