Uzoefu wangu: tiketi za White Sox nilizolipia kabla ya msimu

Hadi Aprili 2024 inafungwa, timu ya besiboli ya Chicago White Sox walikuwa wamecheza mechi 30, wakashinda 6 na kupoteza 24. Na hapo walikuwa wameshapata nafuu, maana asubuhi ya tarehe 26 walikuwa na ushindi 3 na vipigo 22. Mimi ni mmoja wa waliolipa kuyashuhudia hayo. Februari, theluji ikiwa bado barabarani, nilinunua kwa mkupuo tiketi za mechi za nyumbani za mwezi wa kwanza wa msimu, kupitia mtandao mmoja wa kuuza tiketi ambao sitautaja. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa Chicago na majirani zake ambao watoto wao wameanza kuupenda mchezo huu na wanafikiria kufanya kama mimi.

Kwanza muelewe ukubwa wa msiba. Besiboli haina sare, na msimu una mechi 162, kwa hiyo hata timu mbovu huokota ushindi huku na kule. Mwaka 2023 hawa hawa walipoteza mechi 101, tukalia, lakini 61 walishinda. Timu iliyooza ya kawaida hushinda walau moja katika kila tatu. Yetu ilifikia kushinda moja katika kila nane. Mtu wa Simba au Yanga, ambaye sare mbili tu zinamtosha kutaka kocha afungashe virago, ajaribu kufikiria vipigo saba ndani ya siku saba: vitatu Philadelphia, vinne Minnesota. Mechi huku ni karibu kila siku, hivyo hata muda wa kununa hupewi. Unalala umefungwa, unakwenda kazini, jioni unafungwa tena.

Huko Minnesota kulikuwa na kituko ambacho sitakisahau. Wachezaji wa Twins, timu ya huko, walikuwa na soseji, soseji kabisa ya dukani ikiwa bado kwenye pakiti yake, wanarushiana mtu akipiga homurani, yaani mpira uliopigwa ukavuka uzio wa uwanja. Iligeuka hirizi yao, na ilianza kufanya kazi dhidi yetu. Ukitaka kujua timu imefika wapi, ndipo hapo: hata soseji imejipatia jina kupitia sisi.

Sasa nirudi kwenye fedha yangu. Nilipolipa Februari, mrushaji namba moja wa timu alikuwa Dylan Cease. Jina lake ndilo lililonifanya nitoe kadi ya benki. Tarehe 13 Machi, wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, uongozi ukampeleka San Diego Padres na kuchukua vijana ambao huenda watakuja kuwa wachezaji wazuri siku za usoni. Kuna kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyu wangu nilimwona kwa macho, nikamlipia, ndipo akatolewa guniani. Kisheria hakuna kosa, nakubali. Tiketi inakuahidi kiti na mechi, haikuahidi mchezaji. Lakini anayeuza tiketi anajua fika kwamba mnunuzi analipia majina, ndiyo maana mabango ya matangazo yana sura za watu, hayana picha za viti.

Mechi ya ufunguzi ilikuwa Alhamisi ya tarehe 28 Machi dhidi ya Detroit Tigers. Unashuka kituo cha Sox-35th kwenye treni ya Red Line, unavuka daraja juu ya barabara kuu ya Dan Ryan, na uwanja unauona mbele yako huku upepo ukikupiga usoni. Kitu kizuri cha siku hiyo kilikuwa Garrett Crochet. Kijana huyu miaka yote alikuwa akiingia katikati ya mechi kama mrushaji wa akiba; hajawahi kuanza mechi hata moja katika ligi kuu mpaka siku hiyo. Akarusha iningi (vipindi vya mchezo) sita, akawatoa wapigaji wanane kwa straiki, yaani mirusho mitatu mizuri ambayo mpigaji ameikosa au kuiacha, akaruhusu pointi moja tu. Tukafungwa 1–0. Wapigaji wetu hawakupata hata moja ya kumshika mkono.

Kiti cha pembeni yangu alikuwapo mzee mwenye daftari la kuandikia mechi na penseli fupi iliyochongwa kwa kisu. Mpigaji akitolewa kwa straiki anaandika herufi K. Akitolewa akiwa amesimama tu, hajatikisa hata gongo, anaiandika hiyo K ikiwa imegeuka nyuma. Ukurasa wa Detroit ulijaa K za Crochet, akawa anazichora taratibu, kwa raha. Ukurasa wetu aliuandika haraka haraka kama anayetia saini fomu za bima. Nikamuuliza kwa nini asiuache huo wa kwetu. Akanijibu bila kunitazama kwamba kalipa, ataandika. Nililikumbuka jibu lake mara nyingi mwezi ule.

Baada ya hapo tukapoteza na zilizofuata, tukawa tumefungwa nne mfululizo ndipo tukapata ushindi wa kwanza, dhidi ya Atlanta. Kisha majeraha. Eloy Jiménez aliumia katika mechi zile zile za mwanzo, Luis Robert Mdogo akafuata wiki ya kwanza ya Aprili, Yoán Moncada naye siku chache baadaye. Hao watatu ndio waliotakiwa kupiga mipira mbali. Mashabiki wengine wanasema hapo ndipo penye sababu yote, na kwamba tunalalamika bure. Siwakubalii. Kila timu ina majeruhi. Tofauti ni kwamba wenzetu wana watu benchini, sisi tulipogeuka benchi tukakuta wale ambao timu nyingine zilikuwa zimewaacha.

Na mvua. Mechi ya tarehe 16 dhidi ya Kansas City iliahirishwa, zikachezwa mbili kwa mpigo tarehe 17, Jumatano, nikiwa kazini. Nikajaribu kuziuza tiketi kwenye ule ule mtandao nilikozinunulia. Hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia. Mtandao unakata tozo ukinunua, unakata tozo tena ukiuza, na ukiuliza swali unajibiwa na mashine inayokushukuru kwa uvumilivu wako. Hakuna aliyenunua. Mimi mwenyewe nikiwa mnunuzi nisingenunua: siku hiyo kulikuwa na tiketi za ghorofa ya juu zinazouzwa chini ya bei ya soseji na kinywaji ndani ya uwanja. Yaani niliyelipa mapema kwa upendo nilipigwa bei kubwa kuliko aliyesubiri mpaka timu ikazikwa. Sijui biashara nyingine inayomwadhibu mteja mwaminifu waziwazi namna hii.

Nisiwe mchoyo wa sifa, uwanja wenyewe ni mzuri. Ulifunguliwa 1991, mkabala na mahali palipokuwa na Comiskey Park ya zamani, iliyodumu tangu 1910. Kwenye maegesho ya magari kuna kibao cha mawe kinachoonyesha pale palipokuwa kisahani cha mpigaji cha uwanja wa kale. Watu wazima wanasimama hapo wanapiga picha wakijifanya wameshika gongo, magari yanawasubiri. Ndani kuna sanamu ya Minnie Miñoso, mchezaji wa kwanza mweusi wa klabu hii, aliyeanza 1951. Mpeleke mtoto akaione kabla ya mechi, maana baada ya mechi hamtakuwa na hali ya kutazama sanamu.

Chakula nakipa alama zote. Watu wanasifu soseji ya Kipolandi yenye vitunguu vya kukaangwa, na ni kweli ni tamu, lakini mimi wangu ni mahindi ya elote, ya Kimeksiko. Punje zimekwanguliwa kutoka kwenye gunzi zikiwa moto, zinamwagwa kwenye kikombe, siagi, chumvi, mayonezi, jibini, pilipili, halafu ndimu inakamuliwa juu. Mtu aliyekulia mahindi ya kuchoma ya barabarani, ya ndimu na pilipili, hatahitaji kufundishwa. Wakati Cincinnati wanatuchapa mechi zote tatu hapo nyumbani, kikombe hicho ndicho pekee kilichonipa joto.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 27. Tampa Bay Rays walikuwa mjini, na usiku uliotangulia tulikuwa tumewafunga, jambo lililoonekana kama ajali. Mechi ikafika iningi ya 10, tuko nyuma, watu wameanza kufunga zipu za makoti. Akaja Andrew Benintendi. Huyu wakati huo ndiye aliyekuwa na mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, dola milioni 75 kwa miaka 5, na mwezi mzima alikuwa akizomewa kwa ajili ya hizo dola. Akaupiga mpira ukavuka ukuta wa upande wa kulia, tukashinda 8–7. Ubao wa matokeo wa uwanja huu unalipuka fataki kila wenyeji wakipiga homurani, na magurudumu yake ya rangi yanazunguka. Mwezi ule yalikuwa yamepumzika sana. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, jitu la tattoo shingoni, tukaruka pamoja kama watoto. Kesho yake tukashinda tena, tukawa tumewafagia Rays mechi zote tatu. Asubuhi ya Jumatatu nikaanza kupiga hesabu za kijinga za mechi ngapi zimebaki. Jioni Twins wakaja na soseji yao.

Hapo ndipo hasira ya mashabiki wa hapa inapotofautiana na ya kwetu, na ndicho ninachotaka mnunuzi mpya akielewe kabla hajatoa kadi. Huku hakuna kushuka daraja. Nyumbani timu ikianza ligi namna hii, kufika mzunguko wa pili viongozi hawalali, kwa sababu ligi ya chini inawangoja. White Sox wakipoteza mechi 100 au 110, mwakani watacheza ligi ile ile, na fedha za televisheni zitaingia vile vile. Jerry Reinsdorf anaimiliki timu tangu 1981, ana na Bulls ya mpira wa kikapu, na mwezi Februari 2024, huku timu ikivunjwa vipande, alikuwa akiwaendea wabunge wa jimbo kuhusu fedha za umma za uwanja mpya katika eneo la South Loop. Mkataba wa uwanja huu wa sasa unakwisha 2029. Kelele za kumtaka auze timu nimezisikia kwenye treni, nimezisikia hata msalani. Heshima yake ya 2005 ipo, alipoleta ubingwa wa kwanza tangu 1917, hakuna anayemnyang'anya. Ila aliyekuwa mtoto mwaka huo leo analipa kodi ya nyumba.

Kuna wanaojifariji kwamba timu ikiwa ya mwisho itapewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya. Nao wakasome kanuni. Siku hizi nafasi za mbele zinapatikana kwa bahati nasibu, na timu ya soko kubwa kama yetu hairuhusiwi kuzipata miaka miwili mfululizo. Sisi tulishapata ya 2024, nafasi ya 5. Kwa hiyo 2025, hata tungekuwa wa mwisho duniani, tusingeweza kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Tunafungwa, na kufungwa kwenyewe hakuna malipo.

Ndiyo maana nasema shabiki wa timu ya Marekani ana silaha moja tu, nayo ni lini anatoa fedha. Kununua tiketi za msimu au za mwezi kabla ya Machi, kwa timu iliyo katika hali hii, ni kumpa mwenye timu fedha pamoja na ruhusa ya kuuza wachezaji uliowalipia. Mimi sitarudia mpaka uongozi uonyeshe kitu. Kwa huduma ya uwanja ningetoa nyota nne. Kwa mtandao wa tiketi, moja, na hiyo ni kwa kuwa tiketi zilifunguka kwenye simu bila shida. Kwa timu, muulizeni yule mzee wa daftari.

Anayetaka kwenda aende, na ampeleke mtoto. Anunue mechi moja moja, siku za katikati ya wiki, saa chache kabla ya mchezo kuanza, baada ya kuangalia nani anaanza kurusha. Mwaka ule wa 2024, ukiona jina la Crochet, hukuwa na haja ya kusita. Avae koti hata kama jua linawaka, kwani jioni upepo wa ziwa hauna urafiki na mtu, na asile nyumbani. Cleveland walipangiwa kuja tarehe 9 Mei 2024 kwa mechi nne. Mahindi nilikusudia kula, ila tiketi nilikuwa bado sijanunua, naitazama bei inavyoshuka.