Kompyuta ya Kununua Tabora kwa Ajili ya Programu za Zamani

Ukienda kwa fundi na disketi za hesabu za chama cha msingi cha tumbaku, zilizoandikwa kwa Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya majedwali ya hesabu, utaambiwa programu hiyo imekufa. Haijafa. Tatizo ni kwamba programu hiyo ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haifungui programu za biti 16; Windows 11 nayo haina toleo la biti 32, ambalo lingeweza kuzifungua. Unachohitaji ni emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya mpya. DOSBox-X (ya programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows), VICE (ya kompyuta za Commodore) na 86Box (ya PC nzima ya zamani) zote ni za bure, kwa hiyo pesa yako yote iende kwenye mashine.

1. Laptopu ya mtumba ya ofisini. ThinkPad au Latitude yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na SSD, yaani diski ya kasi ya kuhifadhia kazi. Naiweka juu bila kusita. Emuleta hutegemea kasi ya kiini kimoja cha prosesa kuliko wingi wa viini, ndiyo maana mtumba huu huishinda laptopu mpya inayong'aa kabatini yenye Celeron, prosesa ya bei nafuu. Celeron itamudu Commodore 64, mashine ya 1982 yenye kumbukumbu ya KB 64 tu, na Lotus pia. Ipe Windows 98 ndani ya 86Box uone sauti inavyokatikakatika.

Kagua betri, maana umeme ukikatika kabla hujahifadhi hesabu, kazi imepotea. Kagua na kibodi: WordPerfect ya DOS, programu ya kuandikia barua, huendeshwa kwa F1 hadi F12 pamoja na Shift, Ctrl na Alt, na laptopu nyingi za sasa zimezipa vitufe hivyo kazi ya sauti na mwanga. Nenda dukani na flashi yenye DOSBox-X na programu yako, uiendeshe kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Naisisitiza DOSBox-X kwa sababu DOSBox ya kawaida ililenga michezo, na wewe utataka kuchapisha.

2. Kompyuta ya mezani ya mtumba, kama OptiPlex. Nguvu ni ileile, lakini haina betri, hivyo bila UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, usiinunue.

3. Raspberry Pi 400, kompyuta ndogo iliyo ndani ya kibodi. Kwa mtoto anayetaka kujifunza BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya Commodore au Spectrum, ni chaguo zuri sana. Prosesa yake ni ya ARM, aina tofauti na ya Intel, hivyo Windows 98 itaisumbua.

4. MacBook yenye prosesa ya M1 au mpya zaidi, ambayo nayo ni ya ARM. Ni ghali, na VirtualBox yake, programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, haiendeshi Windows za zamani za Intel. Kwa kazi hii pekee, hapana.

Simu nisingeihesabu, hesabu haziandikwi kwa kidole kwenye kioo.

Ongeza kisomaji cha disketi cha USB. Husoma za inchi 3.5 tu, si zile pana za inchi 5.25. Nakili kila kitu kwenye SSD kwanza, na disketi yenye ukungu usiitumbukize: huchafua kichwa cha kusomea, kisha huharibu disketi inayofuata.