Je, Logos ya kulipia inafaa gharama yake?

Kwa muda mrefu nimeandaa mahubiri kwa e-Sword, programu ya bure ya kujifunzia Biblia iliyotolewa na Rick Meyers mwaka 2000, na swali langu lilikuwa kama kuna haja ya kulipia Logos, programu nyingine ya aina hiyo, ambayo tangu 2024 inauzwa kwa ada ya kila mwezi au mwaka katika ngazi za Premium, Pro na Max.

Nilianza na Yohana 21:15-17. Biblia ya Union Version hutumia kitenzi kupenda mara zote tatu Yesu anapomuuliza Petro, ilhali katika Kigiriki mara mbili za kwanza ni agapao na ya tatu ni phileo. Tofauti hiyo niliiona bila kulipa senti, kwa kugusa namba za Strong, yaani namba zinazotambulisha kila neno la lugha za asili za Biblia, hapa 25 na 5368. Lakini kamusi ya Strong ni ya mwaka 1890, na maelezo yake ni mafupi mno kumwezesha mhubiri kuamua kama Yohana alikusudia tofauti ya maana au alibadilisha maneno tu, kama afanyavyo mara nyingi. Hapo ndipo BDAG, kamusi ya kina ya Kigiriki cha Agano Jipya inayonunuliwa peke yake, inapostahili fedha. Kitabu ulichokinunua hubaki chako hata ukiacha kulipia ada.

Kwa hiyo nimebaki na toleo la bure la Logos na kuweka akiba ya BDAG. Mwanafunzi wa chuo cha theolojia anayetafuta maneno ya Kiebrania kila siku namshauri alipie ada ya Logos.