Sauti za kumlaza mtoto mchanga: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Saa nane usiku, siku ya kumi na moja tangu tutoke wodini, binti yetu alikuwa ndiyo kwanza amelegea begani kwangu. Spika ndogo niliyoichukua Kariakoo ilikuwa mezani, inavuma kama mvua ya mbali. Ghafla ikanyamaza, ikalia ti-ti-ti, kisha sauti ya mwanamke ikatangaza kwa Kiingereza, kwa nguvu zake zote, kwamba chaji inaisha. Mtoto akarusha mikono yote miwili juu. Kilichofuata wazazi wenzangu mnakijua.

Tangu usiku ule nimepitia vifaa vitano, vingine vya kununua, vingine vya kuazima, na kipimo changu kimebaki kimoja: kifaa kizuri ni kile kisichoshtua. Rangi, idadi ya nyimbo na picha ya mtoto wa kizungu anayetabasamu kwenye boksi havinihusu tena.

Sauti yenyewe inasaidia, hilo halina ubishi. Tumboni hakukuwa na kimya. Damu ya mama ilivuma kwenye mishipa, moyo ukagonga, utumbo ukaguruma usiku na mchana. Mwaka 1990 watafiti wa London walichukua watoto wachanga 40 wakawagawa mafungu mawili ya 20. Waliowekewa mvumo usiobadilika, 16 walilala ndani ya dakika tano. Wasiowekewa, walilala 5 tu. Mvumo wenyewe ni ule wa redio iliyopoteza stesheni. Kwenye maboksi huandikwa "white noise". Ila usitegemee alale mpaka alfajiri. Tumbo lake ni dogo, ataamka kila baada ya saa mbili au tatu anyonye, na ni haki yake. Unachonunua ni zile dakika chache kati ya kushiba na kuzama usingizini.

Kabla ya kutoa hela, jambo la masikio. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walipima mashine 14 za kulazia watoto. Zilipofunguliwa mpaka mwisho, tatu zilivuka desibeli 85 kwa umbali wa sentimita 30. Hicho ni kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani akishinda nacho kwa muda wa saa nane huambiwa avae kinga ya masikio. Kwa wodi za vichanga, kikomo kinachopendekezwa ni desibeli 50. Kwa hiyo kifaa chochote utakachokichukua, kikae mita mbili kutoka kichwani kwa mtoto, kisiingie kitandani kabisa. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, na mita mbili zilipatikana kwa kukipandisha juu ya kabati upande wa mlango. Halafu laza kichwa chako pale anapolala yeye na uzungumze na mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti, punguza. Akishasinzia, punguza tena.

Namba moja yangu ni redio ndogo ya kadi, hizi zinazowekwa memori kadi au flashi na kuuzwa kila kona ya mtaa. Yangu ya pili (ile mtangazaji nilimpa shemeji) ilianza na bei ya 25,000, nikaondoka nayo kwa 18,000. Usinunue kwa macho. Nenda na kadi yako yenye faili moja tu, mwambie muuzaji aiwashe, asubiri, aizime, aiwashe tena, na wewe usikilize kama inasalimia. Nyingi zinasalimia. Muulize kama inapiga huku inachajiwa, kisha achomeke chaja mbele yako, maana kuna zinazoanza kukoroma chaja ikiingia. Ina kitufe cha kurudia wimbo mmoja? Taa za disko zinazimika? Zisipozimika, kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme kinamaliza kazi. Jingine nililojifunza kwa machozi: kadi ikilegea, redio nyingi zinarukia zenyewe stesheni, na stesheni saa tisa usiku inaweza kuwa inapiga singeli. Iwashe nje ya chumba, sauti ikiwa chini, ndipo uingie nayo.

Faili la kuweka lisiwe fupi. Faili la dakika tatu linalorudia lina mwanya wa kimya kila linapoanza upya, na kuna watoto wanaouona mwanya huo kuliko sisi. Mimi nilirekodi feni yetu kwa simu, saa nzima, milango imefungwa. Mvua ya kwenye bati niliijaribu pia, ni tamu, lakini nayo huongezeka ghafla na ina radi zake.

Feni ndiyo namba mbili, na kwa mwenye nayo tayari ingekuwa ya kwanza, kwani haina kadi, haitangazi kitu na haiulizi chaji. Hesabu ya LUKU si ya kutisha: feni ya wati 50 ikizunguka saa kumi inakula nusu uniti. Kasoro yake ni umeme. Ukikatika, kimya kinaingia mara moja na joto nyuma yake. Hapo ndipo ile rekodi inalipa, maana redio ya betri inaendeleza wimbo uleule wa feni. Kasoro ya pili ilikuwa mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kumkanda mke wangu na kukaa naye mpaka arobaini. "Mkwe, kitoto kichanga hiki unakipigia upepo?" Nikamjibu, "Hapana mama, upepo unaenda ukutani." Kweli niliugeuzia ukutani, mbali na chandarua, na pande zote mbili zikaridhika. Ukinunua mpya, chagua ya mezani yenye kasi ya chini isiyogongagonga, na uhakikishe kichwa chake kinageuka bila kulia kwi-kwi.

Nitakuwa mwongo nisipomtaja mama mkwe mwenyewe kwenye orodha hii. Alikuwa anamweka mjukuu kifuani, anafunga mdomo na kuimba kwa puani huku anampapasa mgongo taratibu, papa, papa, na kila alipotoa pumzi alikuwa anasema shhh ndefu. Dakika nne. Hakuna kifaa nilichonunua kilichomfikia. Tatizo ni kwamba arobaini iliisha.

Simu ya zamani inashika nafasi ya tatu. Kama ipo kwenye droo, ni bure. Usiende kununua simu kwa kazi hii. Sharti ni sauti ipakuliwe ikae ndani ya simu, laini itolewe, na simu iwekwe hali ya ndege. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kutegemea video ya mtandaoni ya "mvua saa kumi". Katikati ya mvua likaruka tangazo la kubeti, na bando la wiki likaisha kwa siku mbili. Spika za simu pia ni nyembamba, zinatoa mvumo wa kukwaruza badala ya ule mzito wa tumboni. Programu zinazodai malipo ya kila mwezi kwa sauti ya maji yanayotiririka, pita mbali.

Mashine maalumu za kulazia watoto nimeziweka nafasi ya nne, na najua kuna watakaonigombeza. Zipo nzuri: mvumo safi, hazina taa wala salamu, zinakaa mezani miaka. Lakini kwa bei zinazoletwa nazo huku, unalipia kile ambacho redio ya 18,000 inakifanya. Nyingi hujizima zenyewe baada ya nusu saa au saa moja, basi tafuta inayokubali kupiga mfululizo. Kama ndugu wa Marekani anataka kukuletea zawadi, mwombe asome maandishi madogo kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa 100-240V, utahitaji kichwa cha kuchomekea tu. Ikiwa ni 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza siku ya kwanza, na hutajua umwambie nini aliyeileta.

Wa mwisho ni mdoli wa sauti, tembo au kondoo mwenye moyo unaodunda tumboni. Ndiye anayenunuliwa sana kwa zawadi kwa sababu anapendeza. Ametengenezwa alale na mtoto, na hapo ndipo ubaya ulipo: sauti inakuwa sentimita chache kutoka sikioni, na kitanda cha mtoto mchanga kinatakiwa kiwe kitupu, mtoto chali, godoro lisilobonyea, bila mto, bila mdoli. Geuza pia uangalie betri. Zile bapa za duara, kama kitufe cha shati, mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na kama nyumbani kuna kaka au dada wa miaka miwili, vidole vyake vinaweza kufungua kisichofungwa kwa skrubu.

Sisi tulipewa tembo wa kijivu. Yuko juu ya kabati, karibu na redio, betri zimetolewa.