Biblia ya sauti ya sola: nyota nne, na vitufe ndivyo vilivyokula ya tano

Mimi ni fundi wa kushona. Macho na mikono viko kwenye kitambaa kutwa nzima, masikio ndiyo hayana kazi, basi nikanunua hiki kidude: Biblia nzima, vitabu vyote 66, ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani, sola mgongoni, spika mbele. Hakitaki bando wala simu. Hilo peke yake lilinitosha, maana simu ikikaa mezani kila mtu ananitafuta.

Sauti ni safi. Msomaji ni mmoja, hana haraka, na hawakumwekea muziki nyuma. (Yapo matoleo ya maigizo, yenye farasi na ngurumo. Ufunuo unanoga humo, Warumi unageuka tamthilia.) Charahani ikishika kasi spika inazidiwa, navaa za masikioni. Ukikianika vizuri juani chaji inakaa mchana mzima. Kukiwa na mawingu, waya upo.

Kero yangu ni vitufe. Cha kuruka kitabu na cha kuruka sura vimefanana, na kioo hakuna, kwa hiyo ukiitaka Zaburi ya 119 unabonyeza huku unahesabu kwa mdomo. Ukishaifikia, ole wako aje mteja. Zaburi hiyo ina mistari 176, na ukizima katikati, kidude kinakurudisha mstari wa kwanza. Niliwaandikia watengenezaji, sijajibiwa.

Hata hivyo, kule kushindwa kurukaruka kumenifaidi kuliko nilivyotarajia. Nikisoma kwa macho nachagua: leo Zaburi, kesho Yohana. Nikisikiliza sichagui, na ndivyo Kumbukumbu la Torati 24 ilivyonikuta napiga pindo. Inasema ukimkopesha jirani usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, akuletee mwenyewe. Tena kama ni maskini, vazi lake umrudishie jua likichwa, apate kulala nalo. Vazi! Na pale msumarini ilikuwa inaning'inia sare ya mtoto, mama yake hajamalizia pesa. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, njoo uchukue sare, zilizobaki utaleta ukipata." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimefunga biashara. Nilicheka peke yangu mpaka jioni, na pindo likatoka limenyooka.

Siku zilizofuata kidude kikanifikisha Nehemia 8. Watu wamesimama tangu mapambazuko hata adhuhuri wanamsikiliza kuhani Ezra akiwasomea Torati, wanalia, wanaambiwa wasihuzunike kwa kuwa furaha ya Bwana ni nguvu zao. Mstari huo wa 10 tunaupenda sana, tunauandika hadi kwenye kalenda, kisha tunaishia hapo. Ukiacha kidude kiendelee, unasikia kwamba kesho yake walikuta imeandikwa wakae katika vibanda, wakatoka kwenda mlimani kuleta matawi, wakavijenga juu ya dari na nyuani mwao. Ndipo mstari wa 17 unaposema pakawa na furaha kubwa sana. Walishasikia jana yake, wakala, wakanywa, wakafurahi, lakini hiyo kubwa sana ilikuja matawi yakiwa yameshakatwa. Kwa macho nilikuwa nimeipita sura hiyo mara nyingi tu bila kuliona hilo.

Nyaraka nazo zinafaa sana kusikilizwa. Paulo mwenyewe aliagiza barua ya Wakolosai isomwe pia katika kanisa la Walaodikia, yaani wengi waliipokea kwa masikio. Filemoni, mistari 25, inakwisha kabla sijamaliza kutia zipu.

Wa kukinunua ni mwenye kazi ya mikono, mzee ambaye maandishi yanamsumbua, au asiyejua kusoma. Mwenye kuandaa mahubiri atahangaika nacho bure, abaki na kitabu chake. Na kabla hujalipa, chomeka spika za masikioni utikise waya kidogo: tundu la changu limeshaanza kulegea, sauti inatoka sikio moja.