Kliniki niliyompeleka baba mkubwa kwa kuanguka na maneno kugandana, Kigoma mjini: nyota 4 kati ya 5

Mwaka mzima nimezunguka na baba mkubwa natafuta jibu, na nikikaa foleni naona familia zingine ziko palepale nilipokuwa mimi, ndo maana naandika.

Mzee ni muadhini hapa Ujiji miaka mingi, sauti yake mtaa mzima tunaijua. Kwahiyo waliogundua kwanza ni jamaa wa msikitini, sio sisi wa nyumbani, wakaanza kuuliza mbona siku hizi mzee adhana anaivuta sana na maneno yanashikana. Sisi tukasema ni meno. Halafu akaanza kuanguka, tena kinyumenyume kama mtu aliyesukumwa kifuani, mara kwenye ngazi ya baraza, mara akigeuka baada ya kutawadha. Tukapima presha, sukari, malaria. Tukanunua miwani, tukabadilisha tukanunua nyingine, maana alikuwa anamwaga chakula, sahani iko mbele yake na dagaa hawaoni. Zahanati moja wakatuambia ni uzee tu. Mtaani wakasema karogwa. Binti yake aliyeko Mwanza akampeleka akapigwa CT scan ya kichwa, tukasafiri kwa basi kutwa nzima na mzee kukaa wima ni shida, majibu yakaja hamna kiharusi hamna damu, tukabaki tumeshika picha hatujui tena tumuulize nani.

Sasa hii kliniki. Dokta wa magonjwa ya ndani alikaa na sisi karibu dakika 40 na hakuanza na makaratasi. Alimwambia mzee nisimulie umeamkaje leo, akawa anamsikiliza tu bila kumkatisha wala kuniangalia mimi nijibu. Akamtembeza mpaka mlangoni na kurudi. Akasimama nyuma yake akamvuta mabega kidogo, mzee akamdondokea mikononi, hakupiga hata hatua moja ya kujizuia. Kisha akamwambia fuata kidole changu kwa macho, kulia sawa, kushoto sawa, chini macho yakagoma. Hapo nilitoka machozi. Hela zote za miwani na vile nilivyokuwa namgombeza baba angalia unachokula, kumbe macho hayashuki kwenye sahani.

Akatuambia anaona ni ugonjwa unaoitwa PSP (kirefu chake progressive supranuclear palsy), ni wa jamii ya Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa mwili, seli za ubongo zinakufa taratibu, kwa kawaida unaanza mtu akishavuka miaka 60. CT scan inasaidia kuondoa mengine kama damu kuvilia kichwani, ila huu unatambulika zaidi kwa kumwangalia mgonjwa mwenyewe. Shangazi akauliza la kurogwa, dokta hakucheka, akasema mama huu ugonjwa madaktari watatu kule Toronto, Kanada waliuandika tangu 1964, wagonjwa wao walikuwa wanaanguka hivihivi na macho hivihivi. Shangazi alinyamaza, na mpaka leo hilo neno halijarudi nyumbani.

Alimwaga mfuko mzima wa dawa mezani akapitia moja moja, akasimamisha ile ya kichefuchefu ambayo mzee alishaizoea, kumbe inaweza kumzidishia ugumu wa mwili. Kwahiyo mkienda bebeni dawa zote hata za dukani. Akaandika levodopa, dawa ya Parkinson, na akasema wazi kwamba kwa PSP mara nyingi inasaidia kidogo au haisaidii, na dawa ya kuponya hamna.

Yule dada wa fizio (mazoezi ya viungo) nampa nyota zake peke yake. Alitufundisha mzee ale akiwa amekaa wima, kidevu kishuke kidogo, asimeze kichwa kikiwa nyuma, na vinywaji vyepesi tuviongezee uzito, maana akipaliwa chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mikeka ya kuteleza tutoe, ndala avue avae viatu vya kukaza. Fremu ya kutembelea tulichomelewa na fundi hapa Mwanga, dada akasema mbele tufunge uzito kwa vile anaangukia nyuma. Imefanya kazi kweli, alikuwa anaanguka karibu kila siku, mwezi huu mara mbili.

Nyota niliyopunguza: tulifika saa 1 asubuhi tukaonwa saa 7 mchana, mzee kwenye benchi lisilo na mgongo, na anaangukia nyuma, nikawa namshikilia mimi muda wote. Dirisha la wazee lipo ila siku ile halikuwa na mtu. Levodopa haikuwepo, tukanunua nje. Mtaalamu wa matamshi hawana, na mzee anachouliza kila siku ni sauti tu.

Levodopa mwezi wa pili sasa, mikono imelainika kidogo, maneno bado. Adhana anaita kijana wake, mzee anawekewa kiti nyuma yake ukutani na anaifuatisha kwa midomo. Tunarudi kliniki mwezi ujao na safari hii nabeba mto wa benchi.