Ngozi ya kuanzia: ipi ununue kwa mkanda na waleti ya kwanza

Anayeanza kushona ngozi kwa kujifurahisha, jioni baada ya kazi au Jumamosi, huwa anatazama vifaa kwanza. Anaona kwenye simu seti ya vipande arobaini imepangwa vizuri kwenye mkoba wake, anaagiza, na hela inayobaki inamtosha kununua ngozi ya tumbo iliyolegea. Mimi nashauri kinyume chake. Sehemu kubwa ya bajeti iende kwenye ngozi. Kisu chenye makali na sindano mbili vitakuvusha mwaka mzima, ila ngozi mbovu haiwi nzuri hata ukiwa na karakana.

Nimezipanga aina zinazopatikana kwa wauzaji wa malighafi za viatu na mikoba huku Afrika Mashariki, kuanzia ile ninayomwambia mtu anunue bila kusita. Kipimo ni kazi mbili ambazo karibu kila mtu huanzia: mkanda wa suruali na waleti ndogo ya kadi.

Kabla ya kuuliza bei

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, yaani kipande cha sentimita 30 na ushei kila upande. Mkanda wa upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 120 ukiupigia hesabu ni kama nusu futi tu. Tatizo ni kwamba nusu futi ya dukani haina urefu huo. Unahitaji ukanda mmoja usiokatika, kwa hiyo ama ununue upande mzima wa ngozi mkagawana na wenzako, ama umwombe muuzaji akukatie ukanda sambamba na uti wa mgongo. Wengine hukubali kwa nyongeza kidogo; ilipe. Waleti ya kadi ni rahisi zaidi, theluthi ya futi inatosha, na vipande vyake hata kimoja hakizidi ukubwa wa kiganja.

Ukinunua upande mzima kumbuka kwamba vipimo vya futi hujumlisha tumbo na miguu, nawe unavilipia bei ileile ya mgongo. Mgongo ndio mgumu na wenye nyuzi zilizobana. Shingo ni nzuri pia, ila ina mikunjo. Tumbo huvutika: mkanda wa tumbo utaongeza matundu mawili ndani ya miezi michache bila wewe kupungua kilo. Jaribio ni jepesi. Kunja ngozi uso, yaani upande uliokuwa na manyoya, ukiwa ndani, tazama pale kwenye kona. Ikifanya vikunjo vidogo vyembamba, nyuzi zimebana. Ikitoa matuta makubwa kana kwamba uso unataka kuachana na chini, irudishe.

Halafu igeuze uione kwa nyuma, maana makosa ya machinjioni yako huko. Kisu cha mchunaji kikipita vibaya huacha mkato usioonekana kwa mbele, na siku ukivuta mkanda ndipo unakatikia. Kwa mbele tafuta makovu ya kupe na miiba, pamoja na alama ya moto. Hii ya mwisho ndiyo inayouma: wafugaji wetu wengi huwachoma ng'ombe chapa kwenye paja au ubavuni, mahali palepale ambapo ungetoa mikanda yako mizuri. Kovu dogo halidhuru, wapo hata wanaolipenda. Chapa kubwa iwe sababu ya kupunguziwa bei.

1. Ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa miwati

Hii ndiyo ya kwanza kwa mkanda, na sioni ya kushindana nayo. Husindikwa kwa maji ya magome ya miti, na kwetu mti wenyewe ni muwati, uliotoka Australia ukashika vizuri nyanda za juu. Njombe kuna mashamba yake makubwa tangu enzi za ukoloni, na upande wa Kenya Eldoret ilijulikana kwa biashara hiyohiyo. Usindikaji huu huchukua wiki kadhaa, tofauti na ule wa kromu, yaani wa chumvi za madini hayo badala ya magome, ambao ni suala la siku moja au mbili, ndiyo maana bei iko juu.

Unapata nini kwa bei hiyo? Ngozi inayosimama. Ukikata ukingo wake na kuusugua kwa kitambaa chenye maji kidogo, unabana na kung'aa bila rangi ya plastiki juu. Ukiilowesha na kugonga muhuri wa jina au ua, alama inabaki. Kromu haifanyi hivyo. Utagonga hadi majirani walalamike na kesho yake alama imetoweka. Na jinsi inavyovaliwa ndivyo inavyokolea rangi kwa jua na mafuta ya mikono, hadi ikawa kahawia iliyoiva ambayo hakuna kopo la rangi linaloitoa.

Kuitambua: dondoshea tone la maji mahali pasipopakwa kitu. Linanywewa na kuacha doa jeusi linalofifia likikauka. Tazama na ukingo uliokatwa, uwe wa rangi ya kahawia au ya maziwa ya chai hadi katikati.

Kwa mkanda nunua unene wa milimita 3.5 hadi 4, kipande kimoja bila bitana. Video za Marekani hutaja unene kwa aunsi. Aunsi moja ni kama milimita 0.4, hivyo aunsi 9 ni karibu milimita 3.6. Kwa waleti shuka hadi milimita 1 au 1.2. Usidanganyike ukanunua nene ukidhani utaipunguza nyumbani kwa kisu. Kupunguza unene ni kazi ya mashine, na mafundi viatu wenye mashine hiyo hukufanyia kwa malipo.

Kasoro yake ni maji na ukungu. Wakazi wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, msiifunge kwenye mfuko wa nailoni. Ikunjeni kama jamvi ndani ya kitambaa cha pamba, mahali penye hewa, la sivyo masika yakiisha mtaikuta imeota manyoya ya kijani.

2. Ngozi ya mbuzi

Kwa waleti naiweka sawa na ya kwanza, na kuna siku naiweka juu. Ni nyembamba tangu kuzaliwa, milimita 0.7 hadi 1, lakini nyuzi zake zimesokotana kiasi kwamba haichaniki kirahisi. Uso una vipele vidogo vinavyoficha mikwaruzo ya funguo na sarafu. Na kwa kuwa ngozi nzima ni ndogo, unaweza kununua moja kamili bila kufilisika, ukatoa waleti kadhaa na kifuko cha miwani.

Nyingi utakazozikuta zimesindikwa kwa kromu na kutiwa rangi. Si neno, kwa waleti haina madhara. Ukipata ya miwati, chukua mbili. Usiichanganye na ya kondoo, ambayo ni laini sana ukiishika na ndiyo inayowavutia wengi: uso wake huachana na tabaka la chini, hasa pembeni mwa mishono. Kondoo iwe ya bitana.

Neno moja kwa wanaowashonea Waislamu. Bitana za viatu na mikoba kutoka nje wakati mwingine ni ngozi ya nguruwe, na muuzaji wa pili au wa tatu anaweza asijue. Tazama vitundu vya manyoya: vya nguruwe hukaa vitatu vitatu, kwa pembetatu, na hupenya hadi nyuma. Mteja akiuliza, uwe na jibu.

3. Kromu ya ng'ombe yenye uso kamili

Ndiyo ngozi iliyojaa madukani, ileile ya viatu vya shule, na kama uko Nairobi utaiona imekunjwa marundo marundo Kariokor kwa mafundi wa makubazi na mikoba. Bei ni nafuu, rangi ziko nyingi, mvua haiisumbui. Kata ukingo utaona mstari wa kijivu au wa buluu katikati, rangi inayoachwa na chumvi za kromu. Hata ngozi zinazosafirishwa nje zikiwa hazijamaliziwa huwa za buluu. Ila kuna zilizotiwa rangi hadi ndani, hapo tone la maji litakusaidia zaidi.

Kwa mkoba wa begani wa milimita 1.8 hadi 2.2 ningeichukua kabla ya miwati, kwa sababu inakunjika na haina uzito. Kwa mkanda naishusha. Inavutika, na kingo zake hazing'ai kwa kusuguliwa. Inabidi uzipake rangi maalumu, ambayo hupasuka mapema pale kwenye tundu unalofungia. Ukilazimika, gundisha tabaka mbili mgongo kwa mgongo na ushone pembezoni.

Mabaki yake usiyachome jikoni wala kwenye jiko la mkaa. Kromu ikiungua inaweza kugeuka sumu. Kwa hiyo hata lile jaribio maarufu la kiberiti, ngozi inukie nywele zilizoungua na reksini, yaani ngozi bandia, inukie plastiki, lifanye nje, kwa uzi mmoja tu uliouvuta nyuma ya ngozi.

4. Mfuko wa vipande

Mabaki ya karakana za viatu, huuzwa kwa kilo. Kwa kujifunzia kushona hakuna cha bei nafuu zaidi, na vishikio vya funguo vya zawadi vinatoka humo. Sharti uruhusiwe kuchagua. Mfuko uliofungwa tayari mara nyingi ni tumbo juu, tumbo chini, na katikati vipande vyembamba kama utepe. Unene nao haufanani, hivyo usitegemee kupata pande mbili za waleti moja.

5. Ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki

Ngozi nene ikipasuliwa mara mbili, tabaka la chini halina uso. Likiachwa hivyohivyo lenye manyoyamanyoya ni bitana nzuri na glavu nzuri za kuchomelea. Shida ni pale linapopakwa plastiki na kugongwa muhuri wa vinyweleo ili lifanane na ngozi kamili. Muuzaji hasemi uongo akiiita ngozi halisi. Vinyweleo vinavyofanana mno kutoka kona hadi kona ndivyo vinavyoifichua. Mnyama hana mpangilio huo. Ina bei ya kushawishi, na kwa mkanda itapasuka kwenye bizimu.

6. Reksini, unga wa ngozi uliogandishwa, na ngozi mbichi

Reksini ni kitambaa chenye plastiki, na joto la unyevunyevu huila plastiki hiyo. Sofa nyingi za Mombasa na Dar es Salaam zinazobabuka ni ushahidi. Ngozi ya unga, yaani vumbi la viwandani lililogandishwa kwa gundi, haishiki mshono hata kidogo. Zote mbili ziache.

Ngozi mbichi ya bucha, au ya mbuzi wa Idd, inavutia kwa sababu ni bure. Lakini huanza kuoza siku hiyohiyo isipotiwa chumvi karibu theluthi ya uzito wake, na usindikaji wa nyumbani unataka mapipa, maji mengi na majirani wavumilivu. Anayetaka kujua kazi hiyo kwa kina atafute mafunzo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), kampasi ya Mwanza, hufundisha teknolojia ya ngozi. Chatu, mamba na wanyamapori wengine usiguse bila kibali cha mamlaka.

Hela iliyobaki

Nunua kisu chenye wembe wa kuvunjavunja na wembe wa akiba, rula ya chuma, msharasi, uma wa kutobolea wenye meno yaliyoachana milimita 4, sindano mbili butu na uzi wa poliesta uliotiwa nta. Uzi wa milimita 0.8 kwa mkanda, 0.6 kwa waleti. Gundi ni ileile ya fundi viatu. Itumie dirisha likiwa wazi. Msharasi wa ndoano wanaotumia mafundi wa barabarani ni wa haraka, lakini kwa waleti jifunze sindano mbili zinazopishana tundu moja, kwa kuwa uzi ukikatika mahali pamoja mshono mwingine haufumuki. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono.

Bizimu ndiyo kitu kidogo ambacho watu hubania hela. Chukua ya shaba. Sumaku itakuonyesha ya chuma, ila haikamati shaba wala ile aloi nyepesi iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo ipime kwa mkono, shaba ni nzito, kisha ikwaruze kidogo upande wa nyuma: ikitoka nyeupe chini ya manjano, siyo. Upana wa ndani ulingane na mkanda wako, milimita 40 kwa milimita 40. Na urefu wa mkanda usiuchukue kwenye namba ya suruali. Pima mkanda anaouvaa mwenyewe, kutoka kwenye kikunjo cha bizimu hadi tundu analotumia, hapo ndipo liwe tundu la katikati. Ongeza sentimita 7 za kukunjia bizimu na kama 15 za mkia.